Jinsi ya Kuifanya Suruali Inayobana Kiunoni Ivalike Tena kwa Raha

Suruali inayobana hujulikana mtu anapoketi. Akiwa amesimama anaweza kuvuta tumbo ndani, akafunga kifungo na kujiona yuko sawa. Lakini mara tu anapokaa kitini tumbo husogea mbele, ukanda wa kiuno huuma, na baada ya muda mkono hupenya chini ya shati kufungua kifungo. Hali hiyo huwapata waliojifungua, walio katika umri wa kukoma hedhi, wanaotumia dawa zinazoongeza uzito, walioacha kazi za kutembea wakaanza kazi za kukaa, na hata waliojenga misuli kwa mazoezi. Hakuna kosa katika lolote kati ya hayo. Kitambaa ndicho kinachotakiwa kuufuata mwili, kwa kuwa kitambaa kina mishono na mishono hufumuliwa. Katika kazi yangu ya cherehani nimepokea suruali nyingi zilizokwisha kuhesabiwa kuwa za kugawa, kumbe zilikuwa zimepungukiwa na sentimita nne tu.

Kuvumilia nguo inayobana si jambo dogo kama linavyochukuliwa. Ukanda uliokaza nyongani kwa saa nyingi unaweza kuubana mshipa wa fahamu unaopita karibu na mfupa wa nyonga kwenda kwenye ngozi ya upande wa nje wa paja, na mtu akahisi ganzi, kuchomwachomwa au moto pajani. Madaktari huiita hali hiyo meralgia paresthetika, na nguo zinazobana ni miongoni mwa visababishi vyake vinavyojulikana. Shinikizo juu ya tumbo huzidisha pia kiungulia kwa mtu mwenye tatizo hilo. Ikiwa tumbo limekua ghafla bila sababu inayoeleweka, au linauma, mhusika aende kwa daktari kwanza; suruali itasubiri.

Tambua mahali hasa panapobana

Vaa suruali mbele ya kioo kirefu, bila mshipi, ukiwa na nguo ya ndani unayoivaa kwa kawaida, na uifunge kadiri inavyokubali. Usikitazame kiuno peke yake. Mikunjo ya kitambaa huonyesha panapovutwa: mikunjo iliyolala kutoka nyonga moja hadi nyingine chini ya ukanda huonyesha kwamba nyonga nazo zimebanwa, mifuko ya ubavuni inayoachama huonyesha jambo hilohilo, na mikunjo inayotoka msambani kama miale kuelekea mapajani huonyesha kwamba kitambaa cha msambani hakitoshi. Usipoona hata mmoja kati ya mikunjo hiyo, tatizo lako ni la kiuno pekee, nalo ndilo jepesi kuliko yote.

Halafu geuka ujitazame ubavuni. Mshono wa ubavuni unatakiwa kushuka wima kutoka kiunoni hadi kifundoni. Ukiwa umepinda kuelekea mbele katika sehemu yake ya juu, maana yake ni kwamba tumbo linavuta kitambaa cha nyuma kwa sababu cha mbele hakilitoshi; ukipinda kuelekea nyuma, makalio ndiyo yanayovuta. Ukaguzi huu huchukua muda mfupi sana, lakini wengi huuruka, na ndiyo sababu hujikuta wamepanua mshono wa nyuma, suruali ikalegea mgongoni, na tumbo likabaki limebanwa vilevile.

Kama zipu haifungi kabisa, usiilazimishe. Iache wazi, kisha pima uwazi uliobaki katika sehemu tatu: kwenye ukanda, sentimita 5 chini yake, na sentimita 10 chini yake. Uwazi unaopungua haraka, kwa mfano sentimita 5 juu, 2 katikati na sifuri chini, humaanisha kwamba kitambaa kinahitajika kiunoni tu. Uwazi unaobaki mpana hadi karibu na mwisho wa zipu humaanisha kwamba nyonga na tumbo la chini vinahitaji nafasi pia, na marekebisho yako yatalazimika kushuka chini zaidi. Andika namba hizo tatu, kwa maana ndizo zitakazokuwa mchoro wa kipande chochote utakachoongeza.

Pima ukiwa umeketi

Mafundi wengi humpima mteja akiwa amesimama, na mimi nilifanya hivyo kwa muda mrefu kabla ya kugundua kwamba malalamiko karibu yote yalihusu kukaa. Zungusha futi kamba mahali ambapo ukanda wa suruali hiyo hukaa, ambapo si lazima pawe kiuno chenyewe, kwa kuwa suruali nyingine hukaa chini ya kitovu na nyingine juu ya nyonga. Pima ukiwa umesimama na umelegeza tumbo. Kaa kwenye kiti kigumu, miguu ikiwa sakafuni, upime tena mahali palepale. Rudia kipimo cha kukaa jioni baada ya mlo, kwa sababu kiuno cha asubuhi na kiuno cha jioni si kimoja, na kwa wanawake wengi kiuno hubadilika pia katika siku za mwezi. Kipimo kikubwa kuliko vyote ndicho cha kufanyia kazi.

Kisha pima suruali yenyewe. Ifunge kifungo na zipu, ilaze juu ya meza, linganisha ukingo wa mbele wa ukanda na wa nyuma ili usipime bonde lililo mgongoni, pima kutoka ubavu hadi ubavu, kisha zidisha mara mbili. Kama ukanda umekatwa kwa kupinda, simamisha futi kamba kwa ukingo wake na uufuate mpindo wote. Toa kipimo cha suruali katika kipimo chako cha kukaa, ongeza sentimita 1 ya kupumulia, na utapata upungufu. Ikiwa kiuno chako cha kukaa ni sentimita 93 na suruali ni 88, upungufu ni sentimita 6. Hesabu zote zinazofuata zitategemea namba hiyo, kwa hiyo pima mara mbili bila haraka.

Igeuze suruali nje ndani

Jibu la iwapo suruali itapanuka limo ndani yake. Angalia akiba ya mshono, yaani kitambaa kilichobaki upande wa pili wa uzi. Suruali rasmi za kiume kwa kawaida huachiwa akiba kubwa kwenye mshono wa nyuma unaopita katikati ya makalio: juu, kiunoni, huweza kuwa sentimita 3 au 4 kila upande, nayo hupungua kadiri mshono unavyokaribia msamba. Ukanda wake pia mara nyingi huwa na mshono katikati ya nyuma, uliowekwa hapo makusudi ili fundi aweze kuufungua. Suruali nyingi za kike zilizoshonwa viwandani hazina akiba hiyo. Huwa na sentimita 1 tu iliyopigwa ovaloki, na ukanda wa kipande kimoja usio na mshono nyuma. Jinzi ni ngumu zaidi: mshono wake wa nyuma umekunjwa na kushonwa mara mbili, na hakuna cha kufungua.

Kanuni ya kukokotoa ni hii: pima akiba ya upande mmoja, toa sentimita 1 ambayo ni lazima ibaki, kisha zidisha mara mbili. Akiba ya sentimita 3 hukupa ongezeko la 4. Akiba ya sentimita 1 haikupi kitu, na yeyote atakayekushauri ushone ukiwa umebakisha milimita 3 anakuandalia suruali itakayochanika hadharani.

Tazama pia rangi. Fumua sentimita 2 za mshono mahali pasipoonekana, ulinganishe kitambaa kilichokuwa kimefichwa na kile cha nje. Kama nguo imechujuka kwa jua na kufuliwa, akiba itatokea na rangi kali kuliko sehemu nyingine, na mstari huo hautatoweka. Kwenye sufu, pamba nyepesi na vitambaa vingi vya polyesta ambavyo bado havijachakaa, alama ya mshono wa zamani hufifia kwa mvuke wa pasi. Kwenye mahameli, ngozi na jinzi iliyochujuka hubaki. Hilo si sababu ya kuiacha kazi, ila ni afadhali ulijue mapema kuliko kulikuta mwishoni.

Upungufu wa sentimita 1 au 2

Usifumue kitu. Hamisha kifungo. Kukisogeza kuelekea ukingoni kwa sentimita 1 hadi 1.5 hutosha katika hali nyingi, mradi kifungo kibaki juu ya kitambaa kilichoimarishwa na mfuniko wa zipu uendelee kuifunika zipu yote. Ukizidisha hapo, mfuniko huvutwa na zipu huonekana ikimeta. Kwenye suruali yenye kulabu ya chuma, lisogeze jicho lake badala ya kulabu, kwa kuwa jicho hushonwa kwa urahisi zaidi. Kifungo cha jinzi kimegongewa, hivyo usikikwanyue. Tafuta kifungo cha kupachika kinachochomekwa kwenye kitambaa, ukipachike pembeni yake.

Jinzi ya pamba tupu huweza pia kunyooshwa. Lowesha ukanda peke yake kwa maji ya uvuguvugu, vaa suruali, chuchumaa na kuinuka, kaa nayo mpaka ianze kukauka. Utapata nafasi kidogo, lakini ukiifua itarudi ilikotoka, kwa hiyo njia hii inafaa kwa siku moja moja. Usiitumie kwa kitambaa chenye nyuzi za kuvutika, kwa sababu utazilegeza nyuzi hizo bila faida ya kudumu.

Kwa mwanamke aliyejifungua karibuni au mtu ambaye uzito wake bado unapanda na kushuka, ningependelea asikate chochote kwa miezi michache. Kitanzi cha lastiki kinachopitishwa kwenye tundu la kifungo na kurudishwa kwenye kifungo, pamoja na mkanda mpana wa kitambaa cha kuvutika unaovaliwa juu ya zipu iliyo wazi kidogo, vitamstahimilisha mpaka umbo litulie.

Kufungua mshono wa nyuma

Hii ndiyo njia safi kuliko zote pale ambapo akiba ipo na mshono wa ubavuni haukupinda kuelekea mbele. Utahitaji kisu kidogo cha kufumulia, chaki, pini, uzi wa polyesta wa rangi ya suruali na pasi yenye mvuke. Uzi wa pamba usiutumie hapa. Mshono wa makalioni hubeba nguvu nyingi kuliko mshono mwingine wowote wa suruali.

Anza kwa kuondoa kishikio cha mshipi kilicho katikati ya nyuma. Fungua bitana ya ukanda kwa upana wa kama sentimita 10, kisha ukanda wenyewe kwenye mshono wake wa nyuma, na uutenganishe na suruali kwa sentimita 6 kila upande wa mshono huo. Sasa fumua mshono wa makalio kutoka juu kushuka. Usifumue wote. Shuka mpaka mahali ambapo namba zako tatu zilionyesha kwamba hapabani tena, na uongeze sentimita 5 za kuungia. Kata uzi mmoja baada ya kila mishono mitatu au minne upande mmoja, kisha vuta uzi wa upande wa pili. Kuvuta vitambaa viwili kwa nguvu ili viachane huacha matundu na wakati mwingine hupasua.

Piga pasi kwa mvuke kwenye akiba iliyofunguliwa mpaka ilale. Geuza suruali, chora kwa chaki mstari mpya unaoanza juu kwenye kipimo unachokitaka na kujiunga polepole na mshono wa zamani huko chini, bila kona. Kona yoyote hapo, hata ndogo, hujitokeza nje kama kichuguu, na hakuna pasi itakayoiondoa. Ikiwa unahitaji sentimita 4, mstari mpya utasogea sentimita 2 kila upande kiunoni.

Piga bandi kwenye mstari huo kwa mkono, kwa mishono mirefu, uvae na ukae. Naomba hatua hii isirukwe. Bandi huchukua muda mfupi na hukuonyesha kosa lolote kabla halijawa la kudumu. Kaa, inama kufunga kiatu, panda ngazi mbili tatu. Ukiridhika, shona kwa cherehani kwa mishono ya milimita 2.5, kisha pita juu ya mstari huohuo mara ya pili kuanzia kiunoni hadi mwisho wa sehemu uliyofungua. Fungua akiba kwa pasi ilale pande zote mbili, shona ukanda kwa kipimo kipya, rudisha bitana kwa mkono, kisha kishikio cha mshipi.

Kuna mpaka wa njia hii. Ukiongeza zaidi ya sentimita 5 hivi nyuma peke yake, mifuko ya nyuma hutawanyika, mishono ya ubavuni husukumwa mbele, na suruali hutuna mgongoni kama gunia. Kwa upungufu mkubwa kuliko huo, gawanya ongezeko kati ya nyuma na ubavuni.

Kuongeza vipande vya ubavuni

Pale ambapo akiba haipo, au tumbo ndilo linalovuta, kitambaa kipya hakiepukiki. Watu hukiogopa kipande cha kuongeza kwa kudhani kwamba kitaonekana kama kiraka, lakini kikikatwa vizuri hufuata mstari wa mguu, na shati linaloning'inia au mkono ulioshuka hukificha. Mimi hukiona kuwa marekebisho bora kwa sababu huongeza nafasi mbele na nyuma kwa wakati mmoja.

Kitambaa kinapatikana kwenye suruali yenyewe mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Pindo la chini likiwa na kina, linaweza kutoa vipande viwili vidogo ukaweka pindo la uongo la kitambaa kingine. Ukishindwa, usihangaike kutafuta rangi inayokaribiana bila kufanana, kwa kuwa jicho huiona tofauti ndogo kama kosa. Chagua rangi tofauti waziwazi, au kitambaa cha mfumo mwingine, na ukiendeleze kama mstari wa ubavuni kutoka kiunoni hadi kifundoni, kionekane kuwa ni mtindo. Kifue kitambaa hicho na ukipige pasi kabla ya kukikata, kisije kikasinyaa baadaye peke yake.

Kata vipande viwili vya pembetatu ndefu. Upana wa juu wa kila kimoja ni nusu ya upungufu pamoja na sentimita 2 za mishono. Kwa upungufu wa sentimita 6, kata upana wa sentimita 5. Urefu hutegemea ulichokiona kwenye kioo: sentimita 12 kama kiuno pekee kilibana, 18 hadi 20 kama nyonga zilibana pia. Ikiwa namba zako tatu hazikupungua kwa ulinganifu, usikate pembetatu iliyonyooka. Ipe ukingo unaopinda kidogo kwa nje ili upana ubaki mkubwa penye nyonga, kisha upungue.

Fungua ukanda ubavuni, ukate mahali pa mshono, na ufumue mshono wa ubavuni kwa urefu wa kipande. Mifuko ya mshazari haizuii kazi hii, kwa kuwa kwenye mshono huo kipande cha ndani cha mfuko ndicho kilichoungwa na nyuma. Kunja mfuko pembeni, ubanie kwa pini, na ushone bila kuugusa. Mifuko iliyofichwa ndani ya mshono ndiyo yenye tabu, na anayeanza kushona ni bora aipeleke kwa fundi au aamue kuufunga mfuko kabisa. Shona upande mmoja wa pembetatu kutoka ncha ya chini kupanda juu, kisha upande wa pili vivyo hivyo. Ukianza juu kushuka, kitambaa kitakachozidi kitakusanyika kwenye ncha na kutengeneza kifuko. Kila mshono uanzie kwenye ncha kabisa, rudi nyuma mishono mitatu hapo ili kuufunga, na ukimaliza upige pasi.

Ukanda nao huongezewa kipande cha upana uleule. Ndani yake weka kitambaa kigumu kama kilichomo kwenye ukanda wa zamani, la sivyo sehemu hiyo itajikunja mtu anapokaa. Kishikio cha mshipi kikishonwa juu ya mshono mmoja wa kipande hicho huuficha vizuri.

Suruali yenye marinda mbele ina akiba nyingine ambayo wengi hawaitambui. Kila rinda limemeza sentimita 2 au 3 za kitambaa, na ukilifungua moja kila upande, tumbo hupata nafasi mahali hasa linapoihitaji, bila pembetatu yoyote. Kitakachobaki kurefushwa ni ukanda tu. Mikunjo midogo iliyoshonwa nyuma chini ya ukanda hufunguliwa kwa namna hiyohiyo, ingawa kwa makalio yaliyojaa ningeiacha, kwa kuwa ndiyo inayokishikisha kitambaa mgongoni.

Lastiki haipanui suruali

Hili nalisema kwa msisitizo, kwa sababu nimeona suruali nyingi zikiharibika hapa. Lastiki kazi yake ni kukusanya kitambaa kilichozidi. Ukiipitisha ndani ya ukanda ambao tayari ni mdogo, utapata ukanda mdogo zaidi. Lastiki husaidia tu pale ambapo kitambaa kimekwisha kuongezwa, au pale ambapo sehemu ya ukanda imeondolewa na lastiki ikachukua nafasi yake.

Namna ya pili ndiyo inayofaa wale ambao miili yao hubadilika kila mara. Fungua ubavu kama ulivyofanya hapo juu, lakini badala ya kitambaa kigumu weka pembetatu ya kitambaa cha kuvutika, na mahali pa ukanda weka kipande cha lastiki imara yenye upana sawa na ukanda, kwa kawaida sentimita 3 hadi 4. Pembetatu hiyo ni ya lazima; ukiweka lastiki kwenye ukanda pekee bila kufungua kitambaa cha chini yake, ukanda utapanuka nacho kitakataa. Shona kwa mishono ya zigizagi, na kwa sindano yenye ncha ya mviringo, ili uzi usikatike kitambaa kinapovutika.

Anayetaka kuuondoa ukanda mgumu wote na kuweka lastiki mzunguko mzima ahakikishe kwanza kwamba suruali, bila ukanda huo, inapita nyongani bila kufunguliwa zipu. Urefu wa lastiki usiukisie kwa hesabu, kwa kuwa kila lastiki ina ugumu wake. Ifunge kiunoni ukiwa umekaa, iweke pini mahali ambapo haitelezi wala haiumi, tembea nayo nusu saa, kisha ongeza sentimita 2 za kuungia na ukate. Iache mbele iwe bapa, ukusanye kitambaa kuanzia ubavuni hadi nyuma. Suruali itaonekana nadhifu hata shati likichomekwa.

Ukanda ukiteremka chini ya tumbo

Kuna suruali ambayo haibani kwa kipimo, lakini ukanda wake hukataa kupanda juu ya tumbo, hujikunja na kushuka. Hiyo imepungukiwa na kina, yaani urefu wa kutoka kiunoni mbele, kupitia msambani, hadi kiunoni nyuma. Kuupanua mzunguko wake hakutatosha. Ondoa ukanda na uweke mwingine mpana zaidi, wa kitambaa cha kuvutika chenye kina cha sentimita 15 au zaidi, kinachopanda juu ya tumbo. Hukaa vizuri pia kwa mwenye kovu la upasuaji chini ya kitovu, kwa kuwa mshono mgumu hauligusi tena. Kama shida iko msambani, fundi anaweza kuongeza kipande chenye umbo la almasi mahali mishono minne inapokutana, nacho kitaondoa ile mikunjo ya miale.

Kwa suruali rasmi kuna suluhisho la zamani ambalo ninasikitika kwamba limesahauliwa: kanda za mabegani. Suruali inayoning'inia kutoka mabegani haihitaji kukaza kiuno hata kidogo. Unaweza kuipanua kwa sentimita 3 zaidi ya kipimo chako, ukafungua mwanya mdogo wenye umbo la V katikati ya nyuma ya ukanda ili utanuke unapokaa, ukashona vifungo sita, vinne mbele na viwili nyuma. Mwenye tumbo kubwa na nyonga nyembamba, ambaye mshipi humshuka kila saa, atapata raha kwa njia hii kuliko kwa nyingine yoyote niliyoieleza.

Baada ya kushona

Vaa suruali siku nzima nyumbani kabla ya kuiamini nje. Jioni, pitisha vidole viwili kati ya ukanda na tumbo ukiwa umekaa. Vikiingia bila kusukuma, kipimo ni sahihi. Itazame ngozi unapovua. Alama nyepesi inayofutika baada ya dakika chache ni ya kawaida, lakini mstari mwekundu uliozama humaanisha kwamba bado kuna sentimita 1 au 2 za kutafutwa.

Usiipunguze akiba ya mshono iliyobaki, hata kama inaonekana nene, kwa sababu mwili unaweza kubadilika tena, kwa kuongezeka au kwa kupungua. Ifue mara ya kwanza kwa maji baridi, uigeuze nje ndani, uianike kwa ukanda wake bila kuubana kwa vibanio mahali ulipoungwa, na uikague mishono ya ubavuni kabla ya kuipiga pasi. Penye uzi uliolegea, fumua sentimita 3 kila upande na ushone upya.